Maswali ya Wasomaji: Miaka 18 au 21 ya Kununua Pombe?

Tangu tarehe 30 Julai 2025, serikali ya Kenya ilipozindua sera mpya ya kitaifa ya kuzuia na kudhibiti matumizi ya pombe na dawa za kulevya, safu hii imepokea barua nyingi kuhusu pendekezo moja la sera hiyo, nalo ni kwamba umri wa chini wa kuruhusiwa kununua na kunywa pombe upandishwe kutoka miaka 18 hadi 21. Wapo wanaolishangilia, wapo wanaolipinga vikali, na wapo wanaouliza tu limefikia wapi. Katika toleo hili tunazijibu barua sita, na pale tulipoulizwa msimamo wetu, tumeutoa waziwazi.

Nilisikia redioni kwamba kijana ambaye hajafikisha miaka 21 haruhusiwi tena kuuziwa pombe. Mwanangu ana miaka 20 na anasisitiza kwamba sheria haijabadilika. Nani kati yetu anasema kweli? — Mzazi, Nakuru

Mwanao anasema kweli, Mama. Kilichozinduliwa na Waziri wa Usalama wa Ndani, Kipchumba Murkomen, pamoja na NACADA, mamlaka ya kitaifa ya kupambana na ulevi na dawa za kulevya, ni sera. Sera hueleza nia ya serikali na njia inayokusudia kufuata, lakini haimpi polisi uwezo wa kumkamata mtu wala hakimu uwezo wa kumtoza faini. Sheria inayotumika ni ile ya mwaka 2010 ya kudhibiti vileo, ambayo Wakenya wengi huiita Sheria ya Mututho kwa jina la John Mututho, aliyekuwa mbunge wa Naivasha na ndiye aliyeuwasilisha mswada wake, na umri uliotajwa humo ni miaka 18. NACADA yenyewe ililazimika kulieleza jambo hili mara baada ya uzinduzi, kwa sababu kelele zilikuwa zimepanda, hasa kuhusu mapendekezo mengine ya sera hiyo kama vile kupiga marufuku uuzaji wa pombe mtandaoni, kumpelekea mnunuzi pombe nyumbani na kuiuza katika maduka makubwa.

Ili umri ubadilike, ni lazima mswada upelekwe Bungeni, wananchi waulizwe maoni yao kama Katiba inavyotaka, wabunge waupitishe, kisha Rais autie saini. Na kwa kuwa leseni za vileo ziko chini ya serikali za kaunti kwa mujibu wa Ratiba ya Nne ya Katiba, Seneti nayo haiwezi kuwekwa kando kirahisi. Ukitaka kusema lolote, iwe ni kuunga mkono au kupinga, nafasi yako ni hapo kwenye vikao vya maoni ya umma, na barua ya ukurasa mmoja kutoka kwa mzazi ina uzito kule kuliko watu wengi wanavyodhani.

Nina miaka 19 na ninasoma chuo kikuu. Mwaka 2027 nitapiga kura. Naweza kujiunga na jeshi, kufunga ndoa na kushtakiwa kama mtu mzima. Kwa nini mbele ya chupa ya bia nirudishwe utotoni? Je, Katiba inaruhusu? — Mwanafunzi, Eldoret

Kijana, hoja yako ina mashiko, na wanaoikejeli hawajaifikiria. Kifungu cha 260 cha Katiba kinamtaja mtu mzima kuwa ni mtu aliyefikisha miaka 18, na Kifungu cha 27 kinakataza ubaguzi kwa misingi kadhaa, umri ukiwa mmojawapo. Kwa hiyo Bunge likipitisha miaka 21, sitashangaa kuona kesi imefika Mahakama Kuu kabla wino haujakauka. Hata hivyo, Kifungu cha 24 kinaruhusu haki fulani ziwekewe mipaka endapo mipaka hiyo imo katika sheria, ni ya kiasi, na inaweza kutetewa katika jamii iliyo huru na ya kidemokrasia. Hivyo swali litakalokuwa mbele ya majaji halitahusu utu uzima wako, kwa maana huo umekwisha kuthibitishwa. Litakuwa ni kama serikali inao ushahidi wa kutosha kwamba kizuizi hiki kinaokoa maisha, na kwamba hakuna njia nyepesi zaidi ya kufikia lengo hilo hilo.

Ushahidi wenyewe upo, na sehemu kubwa ilipatikana kwa watu kufanya makosa na baadaye kuyarekebisha. Nchini Marekani, umri wa kupiga kura uliposhushwa hadi miaka 18 mwaka 1971, majimbo mengi yalitumia hoja hii hii yako na kushusha pia umri wa kunywa pombe. Ajali za barabarani zilizohusisha madereva vijana zikaongezeka katika majimbo hayo, baadhi yakaanza kurudi nyuma yenyewe, na mwezi Julai 1984 Rais Ronald Reagan akatia saini sheria iliyoyanyima majimbo sehemu ya fedha za barabara kuu endapo yangeacha umri chini ya miaka 21. Jimbo la South Dakota lilikwenda mahakamani, likashindwa mwaka 1987, na kufikia mwaka uliofuata majimbo yote yalikuwa yamekubali. Vifo vya vijana barabarani vilipungua, na wakala wa usalama barabarani wa nchi hiyo umekuwa ukikadiria kwa miaka mingi kwamba sheria hiyo huokoa mamia ya watu kila mwaka.

New Zealand ilikwenda njia ya kinyume. Mwaka 1999 ilishusha umri wa kununua pombe kutoka miaka 20 hadi 18, na utafiti uliochapishwa mwaka 2006 ulionyesha kwamba majeraha ya ajali za barabarani yaliongezeka miongoni mwa vijana wa miaka 18 na 19. Ninalotaka ulitazame kwa makini ni kwamba yaliongezeka pia miongoni mwa wenye miaka 15 hadi 17, ambao sheria mpya haikuwaruhusu kununua chochote. Pombe ilishuka kutoka kwa kaka hadi kwa mdogo wake.

Hapo ndipo ulipo msingi wa msimamo wangu, na ndiyo sababu naunga mkono miaka 21. Mpaka wa miaka 18 unapita katikati ya darasa. Si wachache katika shule zetu za sekondari wanaofikisha miaka 18 wakiwa kidato cha tatu au cha nne, wakapata kitambulisho wakati wa likizo, na kurudi shuleni wakiwa na haki kamili ya kuingia duka la vileo huku wakilala bweni moja na watoto wa miaka 15. Kila muhula unapofungwa tunasikia habari za wanafunzi waliokutwa wamelewa ndani ya magari ya abiria, na mara nyingi swali la nani aliyenunua chupa halina jibu la kutisha hata kidogo: ni mwenzao aliyekuwa na kitambulisho, na aliuziwa kihalali. Mtu wa miaka 21 hana marafiki wengi katika kidato cha pili. Tukisogeza mpaka, tunautoa nje ya geti la shule, na hilo ni jambo ambalo hakuna hotuba ya gwaride la asubuhi inayoweza kulifanya.

Wataalamu wa afya huongeza kwamba ubongo wa binadamu, hasa sehemu inayohusika na kupima hatari na kujizuia, huendelea kukomaa hadi katikati ya miaka ya ishirini, na kwamba wanaoanza kunywa mapema wana uwezekano mkubwa zaidi wa kuwa watumwa wa pombe baadaye. Naikubali hoja hiyo ingawa si ninayoitegemea zaidi, kwa sababu ingetumika kikamilifu ingetufikisha kwenye miaka 25, na hakuna Bunge litakalokubali.

Sitakuficha upande wa pili. Mwaka 2008, zaidi ya wakuu 100 wa vyuo nchini Marekani walitia saini tamko la kutaka mjadala kuhusu miaka 21 ufunguliwe upya, wakisema kwamba wanafunzi wao hawakuacha kunywa bali walijificha, na kwamba anayekunywa mafichoni hunywa haraka, hunywa nyingi, na akizidiwa wenzake huogopa kuita msaada. Hofu hiyo ni ya kweli na wewe unayeishi hosteli unaijua kuliko mimi. Ndiyo maana nasisitiza kwamba, endapo mswada utaandikwa, adhabu imwelekee muuzaji na mtu mzima anayemnunulia mdogo. Kumtia ndani kijana wa miaka 19 kwa sababu ya chupa moja ya bia, akapoteza mtihani na kubaki na rekodi ya polisi, ni dhuluma, na mswada wenye kipengele hicho nitaupinga waziwazi hata kama umri uliomo ni ule ninaoutaka.

Nina duka la vileo. Wateja hununua kupitia dirisha la nondo, wengine hulipa kwa M-Pesa na kumtuma mtu wa bodaboda. Nitawezaje kujua umri wa kila mtu, na miaka 21 ikija si nitafunga biashara? — Mfanyabiashara, Kisumu

Ndugu yangu, umelitaja mwenyewe tatizo kubwa: dirisha la nondo. Limewekwa kwa ajili ya usalama wako, na hakuna anayekulaumu kwa hilo, lakini linachokuonyesha ni mkono tu. Mkono unapenya ukiwa na noti zilizokunjwa, sauti inaomba kota moja, ile chupa ya mililita 250 inayoingia mfukoni bila kuonekana, na katika sekunde chache biashara imekwisha bila wewe kuona kama juu ya mkono huo kuna ndevu au sweta la shule. Taa ielekee nje, kwenye uso wa mnunuzi, na si ndani kwenye rafu. Tundu la kutolea bidhaa liwe kwenye kimo ambacho mhudumu analazimika kumtazama anayenunua. Haya hayagharimu fedha nyingi.

Kuhusu kitambulisho, kwa sasa kazi yako ni rahisi kuliko itakavyokuwa. Kitambulisho cha taifa hutolewa kwa mtu aliyefikisha miaka 18, kwa hiyo mhudumu anayeuliza tu "Una kitambulisho?" na kuonyeshwa, akahakikisha picha inafanana na sura iliyo mbele yake, amekwisha kupata jibu. Umri ukiwa miaka 21, mazoea hayo hayatatosha, kwa sababu mtu wa miaka 18, 19 na 20 atakuwa na kadi halali mkononi. Itabidi tarehe ya kuzaliwa isomwe na hesabu ifanywe, usiku, foleni ikiwa ndefu. Anza mapema: bandika karatasi ukutani kila unapofungua, yenye tarehe ya leo ikiwa imetolewa miaka 18, na chini yake uandike kwamba aliyezaliwa baada ya hapo hauziwi. Siku sheria ikibadilika, utatoa 21 badala ya 18, na mhudumu hatahitaji kukokotoa chochote wala kubishana na mlevi.

Mtu wa bodaboda ni suala gumu zaidi. Malipo yanafika kwenye simu yako na jina la mtu usiyemwona, na mwendeshaji anachojua ni mahali pa kupeleka mzigo. Wajibu wa kutomuuzia mtoto hauhamii kwa mwendeshaji kwa sababu tu yeye ndiye aliyebisha hodi mlangoni. Usipoweza kumtuma mtu unayemwamini, atakayekagua kitambulisho na kurudi na chupa pale anapokuta mtoto, basi oda hiyo iache. Nasema hivyo nikijua kwamba ni fedha unazozikataa.

Kama utafunga biashara, sidhani. Lakini duka linalotegemea wateja wa miaka 18 hadi 20 ili lipate kodi ya mwezi, hilo limejengwa karibu mno na chuo, na mwenyewe analijua.

Hapa kwetu mtu huvuka mpaka kwa miguu. Kenya ikiweka miaka 21 na Uganda ikibaki na 18, vijana si watavuka tu? Na wasiovuka si watakimbilia chang'aa? — Msomaji, Busia

Watavuka, baadhi yao. Hilo lilitokea Marekani kabla ya mwaka 1984, wakati jimbo moja likiwa na miaka 21 na jirani yake miaka 18. Vijana waliendesha magari usiku kwenda kunywa ng'ambo na kufa njiani wakirudi, na hiyo ndiyo sababu mojawapo iliyofanya serikali ya shirikisho iingilie kati. Kwetu, Busia na Malaba wengi watavuka kwa miguu au kwa bodaboda, kwa hiyo hatari haitakuwa ileile, ingawa bodaboda yenye abiria watatu waliolewa nayo si jambo dogo. Naona ni suala la kupelekwa katika Jumuiya ya Afrika Mashariki. Kanda hii imewahi kufuatana katika mambo kama haya bila kulazimishana: Kenya ilipiga marufuku pombe ya pakiti katika sheria yake ya 2010, Tanzania ikapiga marufuku viroba mwezi Machi 2017, na Uganda ikafuata mwaka 2019. Jirani yetu Ethiopia nayo ilipandisha umri wa kuuziwa pombe hadi miaka 21 mwaka 2019. Hata hivyo, kijiji kilicho mpakani hakiwezi kutumiwa kama sababu ya kuwaacha watoto wa Nyeri, Kitui na Kericho bila ulinzi.

Swali lako la pili linanisumbua zaidi. Mwezi Februari 2024, katika kaunti ya Kirinyaga, watu zaidi ya kumi walikufa na wengine wakapofuka kwa kunywa pombe yenye sumu, na ikabainika kwamba pombe hiyo ilikuwa imetoka katika kituo cha polisi ilikohifadhiwa kama kielelezo cha kesi. Pale palikuwa na sheria, palikuwa na msako, na palikuwa na kielelezo kilichofungiwa, lakini watu wakafa. Kijana anayenyimwa bia dukani anaweza kweli kuishia kwa muuza chang'aa asiyeuliza umri wa mtu yeyote. Hata hivyo, muuza chang'aa huyo hamuulizi hata mtoto wa miaka 14 leo hii, umri wa kisheria ukiwa 18. Yeye ni mhalifu chini ya sheria yoyote tutakayokuwa nayo, na kushindwa kumfikia ni kosa la wanaopaswa kumfikia. Bunge likipandisha umri bila kutenga fedha za wakaguzi na maabara, litakuwa limewasukuma baadhi ya vijana kuelekea kwake, na wabunge waulizwe swali hilo ana kwa ana.

Sisi hunywa mnazi katika mangwe, yaani vilabu vyetu vya mnazi, na katika mahari mnazi ni lazima uwepo. Je, sheria hii inatuhusu? — Mzee, Kaloleni

Inawahusu, Mzee. Sheria ya 2010 haikuishia kwenye bia na pombe kali za chupa, bali inagusa pia vinywaji vya kienyeji, na kumuuzia mnazi mtu wa chini ya umri ni kosa kama kumuuzia kinywaji kingine chochote. Mnazi kuletwa mbele ya wazee kwa ajili ya mahari ni desturi ambayo sijaona ikitishiwa na pendekezo hili. Kinachotakiwa ni kwamba kijana anayeubeba mtungi asipewe mrija.

Mwanangu ana miaka 16. Duka moja karibu na nyumbani limemuuzia pombe zaidi ya mara moja. Nilipokwenda kulalamika, muuzaji alinicheka. Nisubiri sheria mpya? — Mama, Thika

Usisubiri, Mama. Alichofanya muuzaji huyo ni kosa leo, na kitaendelea kuwa kosa hata mjadala wa miaka 21 ukizimika. Nasikitika kwamba ulichekwa. Utafiti wa kitaifa wa NACADA wa mwaka 2022 ulionyesha kwamba wapo watoto walioonja pombe wakiwa na umri wa miaka saba, na mtoto wa umri huo hakosi kinga kwa sababu mpaka umewekwa 18 badala ya 21. Anakosa kwa sababu aliyempa hakuogopa chochote. Anayeunga mkono miaka 21, nami nikiwa mmoja wao, ana deni kwa mama kama wewe la kueleza kwanza miaka 18 inasimamiwaje.

Andika mambo manne kwenye karatasi: jina la duka kama lilivyo kwenye bango, mahali lilipo, tarehe na saa ambazo mwanao aliuziwa, na kinywaji chenyewe. Chupa kama bado ipo, ihifadhi. Tazama pia kama duka liko ndani ya mita 300 kutoka shule yoyote, maana sheria hairuhusu leseni karibu kiasi hicho, na kama huuza nje ya saa zinazoruhusiwa na leseni yake; baa, kwa mfano, hazitakiwi kuuza kabla ya saa kumi na moja jioni siku za kazi, wala kabla ya saa nane mchana mwishoni mwa juma. Mtoto wa shule kwa kawaida hununua mchana, kwa hiyo kosa la saa na kosa la umri huweza kwenda pamoja, na la saa ni rahisi zaidi kulithibitisha.

Peleka nakala moja kwa chifu na nyingine kituo cha polisi, na uombe nambari ya kumbukumbu ya malalamiko yako. Nakala ya tatu ipeleke kwenye ofisi ya kaunti inayoshughulikia leseni za vileo, na hii ndiyo ninayoitilia mkazo zaidi. Leseni ina muda wake wa kuhuishwa, na wakazi wana haki ya kupinga. Muuzaji anayemcheka mzazi mmoja dirishani hujibu kwa adabu nyingine anapokuta barua yenye saini za wazazi kumi na watano imetangulia mbele ya kamati. Watafute wenzako katika mkutano wa wazazi wa shule, kwani haiwezekani kwamba ni mwanao peke yake.

Kuhusu mwanao mwenyewe, NACADA ina nambari 1192, ambayo haitozi chochote, na wanaoipokea hutoa ushauri nasaha kwa mzazi hata kama kijana hajakubali kuzungumza. Piga leo, kisha uulize ni siku gani kamati ya leseni ya kaunti ndogo yenu itakapokaa.